Ruhusa ya Siku Moja: Historia ya Sikukuu ya Holi na Dhana ya Utani

1. Utangulizi

Katika miji ya Afrika Mashariki yenye mahekalu ya Wahindu, kama vile Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Kampala, jina la Holi si geni. Hata hivyo, yale yanayojulikana kuihusu sikukuu hiyo aghalabu huishia kwenye sura yake ya nje: vijana waliopakana rangi, nguo zilizolowa maji, na vicheko. Mhadhara huu unaitazama Holi katika makao yake, yaani Bara Hindi, na hususan kaskazini mwa bara hilo. Swali linaloongoza uchunguzi ni la kihistoria: siku hiyo ni nani aliruhusiwa kumfanyia nani jambo gani, na ruhusa hiyo ilikoma wapi?

Ili kulijibu swali hili, Kiswahili kina dhana iliyo tayari, nayo ni utani. Mtani ana haki ya kumkejeli mtani wake, kumnyang'anya kitu chake, hata kumcheka mbele ya maiti msibani. Na anayetaniwa hana haki ya kununa. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, aliueleza uhusiano wa namna hii kuwa ni ule ambao mmoja anaruhusiwa, na pengine analazimika, kumfanyia mwenziwe mzaha, naye mwenziwe anatakiwa asikasirike. Hata hivyo, jambo hili linatawaliwa na sharti kubwa: utani hauwi ila baina ya watani. Maneno yale yale yakitamkwa na asiye mtani huwa ni tusi, na tusi huleta ugomvi.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba Holi ni utani uliopewa tarehe. Mahali ambapo Wanyamwezi na Wazaramo wametaniana mwaka mzima, jamii za kaskazini mwa Bara Hindi zimeukusanya mzaha wao mkubwa katika siku chache za mwaka. Kwa hiyo historia ya Holi, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya mzozo juu ya mipaka ya watani.

2. Majira na kalenda

Holi huadhimishwa mwezi mpevu wa Phalgun, ambao katika hesabu nyingi za Kihindu ndio mwezi wa mwisho wa mwaka. Kalenda hiyo hufuata mwandamo wa mwezi lakini haiachi jua likaponyoka. Kwa kuwa miezi 12 ya mwandamo inapungukiwa na siku takriban 11 ikilinganishwa na mwaka wa jua, mwezi wa ziada huingizwa takriban kila baada ya miaka miwili na miezi minane. Ndiyo sababu Holi haizunguki majira yote kama zinavyozunguka Idi mbili za Waislamu. Hubaki baina ya mwisho wa Februari na mwisho wa Machi: mwaka 2024 rangi zilichezwa tarehe 25 Machi, na mwaka 2025 tarehe 14 Machi.

Huo ni wakati ambapo baridi ya kaskazini mwa India imekwisha, joto kali halijaanza, na mashuke ya shayiri na ngano yanakaribia kukomaa. Miti ya palash huwa imejaa maua mekundu yenye kuelekea rangi ya chungwa. Wahindu huyaita majira hayo vasant. Hapa mfasiri wa Kiswahili hukutana na ugumu. Mwambao una kaskazi na kiangazi chake, masika, kipupwe na vuli. Hauna majira ya miti kuamka baada ya baridi. Machipuko, au majira ya kuchipua, ni istilahi iliyoundwa ili kuzungumzia nchi za wengine. Wakati Phalgun inapong'aa Mathura, mwambao huwa uko katika joto la mwisho wa kaskazi, watu wakisubiri mvua za masika.

3. Holi katika maandishi ya kale

Wanazuoni wa madhehebu ya Mimamsa, ambao kazi yao ilikuwa kufasiri amri za Veda, waliitumia sikukuu iitwayo holaka kama mfano wa tatizo la kisheria. Kwa mujibu wa ufafanuzi wa Shabara, desturi hiyo ilifuatwa na watu wa mashariki. Swali lilikuwa hili: je, desturi ya watu wa upande mmoja inaweza kuwa na mamlaka kwa watu wa upande huo tu, au ikiwa ina mamlaka, basi ni ya wote? Jibu lao lilikuwa kwamba amri inayodhaniwa kuwa msingi wa desturi haiwezi kufungwa na mipaka ya nchi. Hivyo, tangu mwanzo kabisa wa kutajwa kwake, Holi imefungamana na suala la nani amo na nani hamo.

Katika karne ya 7, tamthilia ya Kisanskriti Ratnavali, inayonasibishwa na mfalme Harsha, ilionyesha katika tendo lake la kwanza wakazi wa mji wa Kaushambi wakirushiana unga wa rangi na maji katika sikukuu ya machipuko. Mfalme wa tamthilia huwatazama kutoka juu ya kasri lake. Takriban mwaka 1030, al-Biruni, mwanachuoni aliyeandika kwa Kiarabu juu ya nchi na imani za Wahindi, aliutaja mwezi mpevu wa Phalgun kuwa ni sikukuu ya wanawake, ambamo moto huwashwa na kisha kutupwa nje ya kijiji. Vyanzo hivi viwili vinakamilishana: kimoja kina rangi, kingine kina moto. Holi ya leo inavyo vyote viwili.

Hadithi zinazosimuliwa kuhusu chanzo chake ni nyingi. Iliyoenea zaidi ni ya Prahlada, mtoto aliyemwabudu Vishnu kinyume cha amri ya babaye, Hiranyakashipu. Holika, shangazi wa mtoto huyo, alikuwa na kinga ya kutoungua. Akampakata mtoto na kuingia naye motoni. Holika akateketea, Prahlada akatoka salama. Katika nchi ya Braj, inayozunguka Mathura, rangi hunasibishwa na Krishna na michezo yake na Radha. Hadithi ya tatu, iliyomo katika Bhavishya Purana, inamhusu zimwi la kike, Dhundha, aliyewasumbua watoto katika enzi ya mfalme Raghu. Silaha iliyomfukuza ilikuwa moto, kelele, kicheko na maneno yasiyo na adabu ya watoto wenyewe. Kwa mwanaisimu, hadithi hii ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu inaifanya lugha chafu kuwa kinga ya jamii.

4. Moto wa usiku na rangi za asubuhi

Maandalizi huanza siku nyingi kabla. Kuni, matawi makavu na mabaki ya samani hukusanywa kwenye njia panda au kiwanja cha mtaa, na vijana huhesabu kuwa ni sehemu ya mchezo kuiba ubao usiolindwa. Jioni ya mwezi mpevu, lundo hilo huwashwa. Watu huuzunguka moto, huutupia nafaka na nazi, na huchoma mashuke mabichi ya shayiri au ngano ambayo huliwa kama malimbuko. Wengine huchukua makaa kuwashia jiko la nyumbani, na majivu hupakwa kwenye paji la uso.

Asubuhi yake sheria hubadilika. Unga mwekundu uitwao gulal hupakwa mashavuni, na maji ya rangi hurushwa kwa mabomba ya mkono yaitwayo pichkari. Zamani rangi ilitokana na maua ya palash yaliyochemshwa na manjano iliyosagwa. Katika karne ya 20 rangi za viwandani, ambazo baadhi yake hudhuru ngozi na macho, zilichukua nafasi kubwa. Kinywaji cha maziwa, lozi na viungo, pengine kikiwa kimechanganywa na bangi, huzungushwa miongoni mwa wanaume. Ifikapo adhuhuri mchezo hukoma. Watu huoga, huvaa nguo safi, hutembeleana, hukumbatiana, hula maandazi matamu yaitwayo gujiya, na vijana huwagusa wazee miguu kwa heshima. Mpangilio huo una maana: heshima iliyovunjwa asubuhi hurejeshwa jioni.

Huko Barsana na Nandgaon, wilayani Mathura, siku chache kabla ya mwezi mpevu, wanaume wa Nandgaon huingia Barsana wakiimba nyimbo za kuwachokoza wanawake. Wanawake huwapiga kwa fimbo ndefu, nao hujikinga kwa ngao bila ya kurudisha pigo. Siku ifuatayo wanaume wa Barsana huenda Nandgaon kupokea zamu yao. Vijiji hivyo husemekana kuwa ni kwao Radha na kwao Krishna. Kwa hiyo waliomo ndani ya mchezo ni wakwe na mashemeji. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi kwa nini mashemeji hutaniana.

Maelezo ya kina zaidi ya Holi ya kijijini yaliachwa na mwanaanthropolojia wa Marekani, McKim Marriott, aliyefanya utafiti mwanzoni mwa miaka ya 1950 katika kijiji cha Uttar Pradesh alichokipa jina la Kishan Garhi, na akachapisha makala yake mwaka 1966. Waliopigwa miundi bila huruma walikuwa wakulima matajiri wa tabaka za juu. Mpigaji hodari aliweza kuwa mke wa kibarua wao. Aliyepandishwa punda kinyumenyume alikuwa kijana mwonevu, na waliompandisha ni wale aliowaonea. Mbele ya nyumba ya mkopeshaji fedha, aliyekuwa mzima wa afya, ziliimbwa nyimbo za maziko yake. Marriott mwenyewe alichezeshwa barabarani akiwa amevishwa shada la viatu vikuukuu.

Matukio haya yana mpangilio. Kila kitendo kiligeuza uhusiano mmoja mahususi wa mamlaka: mume na mke, tajiri na kibarua, mdai na mdaiwa, mgeni msomi na wenyeji wake. Siku ya pili kibarua alirudi shambani na deni likabaki deni. Wapo wanaohitimisha kwamba Holi huyatuliza maumivu ya wanyonge bila ya kuyaponya. Hitimisho hilo lina ukweli, lakini linasahau kwamba tajiri aliyeimbiwa maziko yake ameyasikia, na ameambiwa hadharani vile anavyotazamwa.

5. Lugha ya Holi

Kauli inayosikika zaidi siku ya Holi ni ile ya Kihindi yenye maana ya "usichukie, ni Holi". Kisarufi ni kauli fupi ya katazo na sababu. Kimatumizi ni tendo kamili. Msemaji haombi radhi, kwani anayeomba radhi hukiri kosa. Anachofanya ni kutangaza kwamba kitendo chake kimehamishwa kutoka uwanja wa makosa na kuingizwa uwanja wa mchezo. Kauli ya Kiswahili "ni utani tu" hufanya kazi hiyo hiyo. Lakini zote mbili zina udhaifu mmoja: humhitaji msikilizaji akubali. Asipokubali, kauli hiyo huwa ni kisingizio, na wahenga waliliona hilo waliposema kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Nyimbo za msimu nazo zina daraja mbalimbali. Zipo hori na phag zinazoimba mapenzi ya Radha na Krishna kwa lugha ya adabu. Zipo pia, hasa katika maeneo ya Kibhojpuri, beti za jogira na zile ziitwazo kabir, ambazo huwataja wakubwa na mambo ya faragha bila ya kificho. Inashangaza kwamba jina la Kabir, mshairi mcha Mungu, limepewa beti za matusi. Lakini hata hilo ni utani.

6. Mipaka ya ruhusa

Watawala Waislamu wa Bara Hindi hawakuwa na msimamo mmoja juu ya Holi. Michoro ya karne ya 17 inamwonyesha mfalme Jahangir akicheza Holi na wanawake wa kasri lake. Wajid Ali Shah, mtawala wa mwisho wa Awadh aliyeondolewa na Waingereza mwaka 1856, aliicheza sikukuu hiyo na kuitungia nyimbo. Shairi mashuhuri la Kipunjabi linalonasibishwa na Bulleh Shah, sufii wa karne ya 18, linauanza mchezo wa Holi kwa Bismillahi, kama zianzavyo tenzi za mwambao. Kwa upande wa pili, mwaka 1665 Aurangzeb alitoa amri kwa Gujarat. Kati ya yaliyokatazwa ndani yake ni lugha chafu ya siku za Holi na tabia ya kunyakua kuni za watu na kuzitupa motoni. Amri hiyo aghalabu husomwa kama ushahidi wa chuki ya kidini, na lugha yake haikuficha dharau. Lakini ina pia malalamiko ya mtu aliyeibiwa kuni. Mwenye kuni hizo hakuwa amekubali kuwa mtani.

Malalamiko kama hayo yalitoka pia ndani ya Uhindu wenyewe. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wanamageuzi wa Arya Samaj, chama kilichoanzishwa mwaka 1875, walitaka Holi iliyotakaswa, isiyo na matusi wala ulevi. Walichokusudia kukiondoa ni kile kile ambacho hadithi ya Dhundha ilikisifu. Baadhi ya waandishi wa tabaka zilizodhulumiwa wamekwenda mbali zaidi: kwao, Holika ni mwanamke wa jamii yao aliyechomwa, na kuusherehekea moto huo ni kushangilia mauaji.

Suala la wanawake ndilo lililo zito kuliko yote. Barsana mwanamke anashika fimbo. Mjini mara nyingi anakimbia. Katika miaka ya 2010 baadhi ya mabweni ya wanafunzi wa kike mjini Delhi yaliwazuia wakazi wake kutoka nje siku ya Holi, kwa hoja ya usalama wao. Mwaka 2018 wanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Delhi waliandamana kupinga kurushiwa barabarani vibofu vilivyojazwa maji na vimiminika vingine na watu wasiowajua. Hoja yao ilikuwa sahihi kwa mujibu wa mantiki ya sikukuu yenyewe: apitaye barabarani si shemeji, wala hakuwahi kukubali mchezo.

Wakati huo huo mpaka mwingine ulikuwa ukifunguliwa. Katika mji wa Vrindavan huishi wajane wengi ambao kwa desturi huvaa nyeupe na hawatakiwi kugusa rangi. Mwaka 2013 wajane wa nyumba za hifadhi za mji huo walicheza Holi kwa pamoja, na mwaka 2016 waliichezea ndani ya hekalu la Gopinath. Kwao, kupakwa gulal kulikuwa na maana ya kurudishwa katika hesabu ya watu.

Tarehe 14 Machi 2025 Holi iliangukia Ijumaa ya mwezi wa Ramadhani. Katika baadhi ya miji ya Uttar Pradesh, misikiti ilifunikwa kwa maturubai ili isirukiwe na rangi, na saa za sala zikasogezwa. Yapo mawili yanayoweza kusemwa juu ya turubai hilo. Lilizuia ugomvi, na hilo si dogo. Lakini pia lilionyesha umbali kati ya siku hiyo na kasri la Jahangir: majirani waliowahi kuwa watani walikuwa sasa wakilindwa mmoja dhidi ya mwenziwe.

7. Holi ng'ambo na maneno ya Kiswahili

Holi ilivuka bahari pamoja na watu wake. Vibarua wa mikataba wa karne ya 19 waliipeleka Mauritius, Trinidad, Guyana na Suriname, ambako katika visiwa na nchi za Karibi hujulikana kwa jina la Phagwa. Katika mwambao wa Afrika Mashariki hali ilikuwa tofauti. Miongoni mwa Wahindu wa mwanzo kuwa na nguvu Zanzibar walikuwa Wabhatia kutoka Kutch, kama Jairam Shivji aliyeshika forodha katika zama za Seyyid Said. Wabhatia ni waumini wa Krishna kwa njia ya Vallabha, ambayo huipa Holi uzito mkubwa. Hata hivyo, katika sehemu kubwa ya karne hiyo wafanyabiashara wa Kihindu walikuja bila ya wake zao. Mchezo wa mashemeji ulikosa nusu ya wachezaji wake, na wenyeji hawakuwa sehemu yake.

Kiswahili kiliyachukua maneno na kuiacha sikukuu. Rangi, neno lenye asili ya Kiajemi, ndilo hilo hilo linalotumiwa na Wahindi wasemapo kwamba wanacheza rangi. Bangi inatokana na bhang, na nili inarejea kwenye neno la Kisanskriti lililopitia Kiarabu. Jina Holi lenyewe halikupata matumizi ya Kiswahili zaidi ya kuwa jina la sikukuu ya wengine. Kilichopata nafasi ni methali isemayo kwamba Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Hiyo ina sura ya mzaha, lakini ni mzaha wa upande mmoja: Banyani hasemi ndani yake, wala hajibu. Utani usio na majibizano si utani.

Inafaa pia kutoa tahadhari. Huko Makunduchi, Siku ya Mwaka huadhimishwa kwa watu kupigana kwa migomba, wanawake kuimba nyimbo za kejeli, na kibanda kuchomwa moto. Kufanana na Holi kunavutia, lakini kufanana si nasaba. Mwanaisimu hatangazi undugu wa lugha mbili kwa maneno machache yanayolingana sauti, na kanuni hiyo inafaa kutumika kwa mila vilevile. Siku ya Mwaka ina asili yake katika Nairuzi ya Waajemi. Kinachoziunganisha sikukuu hizi mbili ni haja ya binadamu ya kuyamaliza ya mwaka uliopita kabla ya kuanza mwingine.

8. Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha kwamba moto na rangi za Holi zimebadilika kidogo, ilhali mipaka ya ruhusa yake imebadilika sana. Wanazuoni wa Mimamsa waliuliza kama desturi ya watu wa mashariki ni ya wote. Aurangzeb, wanamageuzi, wajane wa Vrindavan na wanafunzi wa Delhi walilirudia swali hilo kila mmoja kwa namna yake. Jibu linalotokana na dhana ya utani ni kwamba Holi inaweza kuwa ya wote, kwa sharti kwamba kila anayepakwa rangi awe na mkono wa kupaka, na kila anayeambiwa asichukie awe na uwezo wa kusema kwamba amechukia na akasikilizwa.

Wataalamu wa Kiswahili wana mchango wa kutoa katika mjadala huu, kwa kuwa lugha yao imeitunza dhana ambayo wanaanthropolojia walihitaji makala nzima kuieleza. Utani umechunguzwa zaidi kama mila ya makabila ya Tanzania. Unastahili kutumiwa pia kama nyenzo ya kuzifahamu jamii nyingine, wakiwamo majirani ambao kwa miaka mingi walisikia methali zikiwataja bila ya kualikwa kujibu.